Uchovu Hujificha kwa Aliyechoka

Mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, viwanda vya risasi na makombora vya Uingereza vilikuwa vikiwafanyisha watu kazi, wakiwemo wanawake wengi, kwa wiki zilizofikia saa 70 na zaidi, mara nyingi bila hata Jumapili ya kukaa nyumbani. Hoja ya waliopanga ratiba hizo ilionekana haina jibu: askari walikuwa wakifa vitani kwa kukosa silaha, kwa hiyo kila saa iliyoongezwa kiwandani ilihesabiwa kuwa makombora yaliyoongezwa. Serikali iliunda kamati ya kuchunguza afya ya wafanyakazi hao, na wachunguzi wake wakakaa chini kuhesabu, wakilinganisha saa ambazo mtu alikuwa kazini na idadi ya vipande alivyovitoa. Karibu miaka 100 baadaye, mchumi John Pencavel wa Chuo Kikuu cha Stanford alizifukua takwimu hizo na kuzipima upya. Aliona kwamba hadi kufikia takriban saa 49 kwa wiki, kazi iliongezeka sambamba na saa. Baada ya hapo kila saa ya nyongeza ilizaa kidogo kuliko iliyoitangulia, hata ikawa kwamba mtu wa saa 70 hakuwa na mavuno yanayotofautiana sana na ya mtu wa saa 56. Hizo ni saa 14 za jasho, kila wiki, zilizopotea karibu bure.

Elimu hii, basi, si ngeni. Shirika la Kazi Duniani lilipoanzishwa mwaka 1919, mkataba wake wa kwanza kabisa ulihusu saa za kazi viwandani, ukaziwekea ukomo wa saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki. Kinachonishughulisha ni kwa nini jambo linalojulikana kwa zaidi ya karne moja bado halijaingia katika siku ya kawaida ya mfanyakazi wa leo, awe karani, muuguzi, dereva au mhasibu. Wapo wanaosema chanzo ni uroho wa waajiri, na wapo wanaosema ni uzembe wa wafanyakazi wasiojua kupanga muda wao. Huenda kuna ukweli kidogo kila upande, lakini mimi naiona sababu nyingine iliyo nzito zaidi, nayo imo ndani ya uchovu wenyewe. Uchovu una sifa ambayo njaa na kiu hazina: kadiri unavyozidi, ndivyo aliye nao anavyozidi kushindwa kuuona.

Mwaka 2003 Hans Van Dongen, David Dinges na wenzao wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo ya jaribio ambalo ningependa kila mkuu wa kitengo alifahamu. Waliwagawa watu wazima wenye afya njema katika makundi, wengine wakiruhusiwa kulala saa 8 kwa usiku, wengine 6 na wengine 4, kwa siku 14 mfululizo, huku uangalifu wao ukipimwa tena na tena mchana kutwa. Kundi la saa 6, kiwango ambacho wafanyakazi wengi hukihesabu kuwa cha kawaida na wengine hujivunia, lilidorora siku hadi siku mpaka makosa yake yakafikia ya mtu aliyekesha usiku kucha. Hilo peke yake lingetosha kutushtua. Linalonitia hofu zaidi ni majibu yao walipoulizwa wanajisikiaje, kwa kuwa baada ya siku chache za mwanzo walianza kuona kwamba usingizi hauwazidii tena, kana kwamba wameuzoea. Uwezo wao ulikuwa ukiteremka kila siku, na wao wakidhani wamesimama palepale.

Miaka 6 kabla ya hapo, Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walikuwa wamelinganisha uchovu na ulevi. Waligundua kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hufanya vibaya katika kipimo cha ushirikiano wa jicho na mkono kwa kiasi kinacholingana na cha mtu mwenye asilimia 0.05 ya kileo katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi humkataza mtu kuendesha gari. Mfano huo unafaa kwa namna nyingine pia, kwa kuwa mlevi ndiye wa mwisho kukubali kwamba amelewa. Hakuna kiwanda kinachomwachia fundi aliyelewa aamue mwenyewe kama anafaa kushika mashine, lakini maelfu ya ofisi humwachia mtu aliyechoka aamue mwenyewe kama anahitaji kupumzika, kisha humsifu anapojibu kwamba bado ana nguvu.

Hapa ndipo ninapoiona thamani halisi ya tabia ndogondogo za kila siku. Makala nyingi za afya kazini huzitaja kama mapambo: kunywa maji, simama kidogo, vuta pumzi. Tabia ina kazi kubwa kuliko hiyo. Ni uamuzi uliofanywa mapema, na akili iliyo timamu, kwa niaba ya akili itakayokuwa imechoka. Mtu aliyekwisha kuamua kwamba saa sita na nusu mchana ataondoka mezani hana haja ya kujiuliza saa hiyo ikifika kama amechoka vya kutosha. Akijiuliza, jibu litakuwa hapana, maana kazi iliyo mbele yake itaonekana imebaki kidogo tu, na uchovu wenyewe utamsaidia kulitetea jibu hilo.

Lugha yetu imelihifadhi jambo hili vizuri. Kupumzika kunatokana na pumzi. Apumzikaye hurudishiwa pumzi yake, na pumzi haiwekwi akiba: hakuna awezaye kuvuta hewa nyingi Jumamosi ili aitumie Jumatano. Ndiyo maana sina imani sana na likizo ndefu inayotarajiwa kufuta miezi kumi na moja ya kukosa pumzi. Likizo ni haki na inahitajika, lakini yanayoamua hali ya mtu ni mapumziko yanayokuja ndani ya siku yenyewe, ya jioni, na ya usiku.

Tuanze na ya ndani ya siku. Mwaka 2022 watafiti walikusanya matokeo ya majaribio mbalimbali kuhusu mapumziko mafupi yasiyozidi dakika 10, wakaona kwamba huongeza nguvu na kupunguza uchovu. Hata hivyo, kwa kazi zinazotumia akili sana, dakika hizo chache hazikutosha kuurudisha utendaji. Naipenda tahadhari hiyo kwa kuwa inatuondolea matumaini mepesi. Mtu anayekagua mahesabu au kutafsiri mkataba kwa saa tatu mfululizo hatakombolewa na dakika tano za kunyoosha mgongo, ingawa dakika hizo ni bora kuliko kukaa vilevile. Anahitaji kuondoka kweli, atembee, akae mahali pasipo na kioo cha kompyuta, na asiyatumie mapumziko hayo kusoma ujumbe kwenye simu, kwa sababu jicho na akili havijui kwamba ujumbe huo si wa kazi.

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani kirahisi, nayo ni kurukaruka. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu anapoacha kazi moja kabla haijaisha na kuingia nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kwenye ile ya kwanza, na ile ya pili huipokea akili iliyopungua. Sasa fikiria asubuhi ambayo mtu ameandika aya mbili za ripoti, akajibu barua pepe, akaitwa kikao cha dakika 15, akarudi kwenye ripoti, kisha simu ikalia. Saa sita mchana anajihisi amebeba mawe, na akitazama alichokifanya haoni kitu. Uchovu wa namna hii haumalizwi na usingizi peke yake, kwa sababu kesho asubuhi ileile itarudi. Dawa yake ni saa mbili zilizolindwa, ambazo wenzake wote wanajua kwamba hazikatizwi isipokuwa kwa dharura ya kweli. Zingatia maneno hayo, wenzake wote wanajua, kwani nitayarudia.

Kuhusu mwili sitakaa sana, kwa kuwa wengi wanayajua haya. Jerry Morris alionyesha mwaka 1953 kwamba makondakta wa mabasi ya London, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima, walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa kitini katika mabasi yaleyale. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa mwendo wa haraka kunahesabiwa. Ila kahawa inastahili neno moja la ziada, kwa kuwa ndiyo tiba inayokimbiliwa zaidi maofisini. Kafeini haiongezi nguvu. Huziba tu milango ambayo adenosini, kemikali inayojikusanya katika ubongo kadiri tunavyokaa macho, huitumia kutuarifu kwamba tumechoka. Mwili huchukua takriban saa 5 kuondoa nusu ya kafeini, kwa hiyo aliyekunywa kikombe saa kumi jioni bado ana nusu yake saa tatu usiku. Usingizi wake unapungua, kesho anaamka mzito, na kikombe cha kesho kinakuwa cha lazima. Kwa maneno mengine, ameuficha uchovu ambao tayari ulikuwa hodari wa kujificha.

Jioni ndiyo sehemu ninayoiona yenye uzito kuliko zote, na ndiyo iliyoharibiwa zaidi katika miaka hii ya simu mkononi. Mwanasaikolojia Sabine Sonnentag wa Ujerumani ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ya utafiti kuchunguza namna watu wanavyorejewa na nguvu baada ya kazi. Pamoja na Charlotte Fritz walibainisha mwaka 2007 mambo manne yanayosaidia: kujitenga na kazi kimawazo, kutulia, kujifunza au kufanya jambo lenye changamoto nje ya kazi, na kuwa na uamuzi juu ya muda wako mwenyewe. La kwanza ndilo linaloponyoka kwa urahisi, maana mtu anaweza kuwa amekaa na watoto wake huku akili iko kwenye swali ambalo mkuu wake ameliandika saa mbili usiku. Si lazima alijibu. Ameshalisoma, na siku yake ya kazi imefunguliwa upya.

Baadaye Sonnentag alieleza mkanganyiko unaoumiza, kwamba wanaohitaji zaidi kupumzika ndio wanaoshindwa zaidi kupumzika. Kazi ikiwa nzito, mtu hulala vibaya, hafanyi mazoezi, hawezi kuitoa kazi kichwani, na hukatisha mapumziko yake ya mchana. Hili linapaswa kumnyamazisha yeyote anayewalaumu waliochoka kwa kutojitunza. Tunamwambia mtu anayezama kwamba angejifunza kuogelea, tena tunamwambia akiwa katikati ya maji.

Ndiyo maana nasema tabia peke yake haitoshi. Tabia ni ya mtu mmoja, desturi ni ya watu wanaoishi pamoja, na mahali pa kazi desturi huishinda tabia karibu kila mara. Nimewahi kukaa katika ofisi ambayo kuondoka kwa wakati kulihitaji ujasiri. Hapakuwa na kanuni iliyokataza, palikuwa na macho tu, na utani wa "leo unawahi wapi?" uliotosha kumrudisha mtu kitini kwa nusu saa asiyokuwa na kazi nayo. Nilijiwekea azma ya kuondoka saa kumi na moja, ikadumu siku nne. Hadi leo siamini kwamba nilikosa nidhamu. Nilikuwa nikijaribu kuishika peke yangu saa ambayo ingewezekana tu kama tungeishika wote.

Ushahidi uko upande huu. Mwaka 2019 Zirui Song na Katherine Baicker walichapisha utafiti uliofuatilia wafanyakazi wapatao 33,000 wa kampuni moja kubwa ya maduka nchini Marekani, ambapo baadhi ya vituo vilipewa mpango wa afya wenye mafunzo ya lishe, mazoezi na kudhibiti msongo, na vingine havikupewa. Baada ya miezi 18, waliopata mpango walisema wanafanya mazoezi zaidi, lakini vipimo vya afya, siku za kukosa kazi na ubora wa kazi havikuwa na tofauti ya maana. Mwaka 2024 William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford alichambua majibu ya wafanyakazi 46,336 kutoka taasisi 233 za Uingereza, akaona kwamba walioshiriki mafunzo ya ustahimilivu, programu za simu za kutuliza akili na mengine ya aina hiyo hawakuwa na hali bora kuliko wenzao ambao hawakushiriki. Sisemi mafunzo hayo ni mabaya. Nasema yanaelekezwa kwa mtu, ilhali kinachomchosha kimo katika ratiba, idadi ya watumishi, na namna maagizo yanavyotolewa.

Hata historia ya tatizo hili, ambalo kwa Kiingereza huitwa burnout, imeshatueleza hivyo. Herbert Freudenberger, aliyeandika mwaka 1974 juu ya watu wanaokwisha nguvu kwa sababu ya kazi, aliwaona katika kliniki ya bure ya New York, na aliona kwamba waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliojitoa kwa moyo wote. Christina Maslach na Susan Jackson walitengeneza mwaka 1981 kipimo kinachotumika hadi leo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya magonjwa, liliieleza hali hiyo kuwa jambo la kazini, bila kuiita ugonjwa, na likataja dalili zake tatu: kuishiwa nguvu, kuiona kazi kuwa kitu cha mbali kisichokuhusu au kuichukia, na kuona kwamba huna tena ufanisi. Chanzo chake, kwa maelezo ya shirika hilo, ni msongo wa muda mrefu wa kazini ambao haukudhibitiwa ipasavyo. Kwa kuwa chanzo kiko kazini, anayeweza kukidhibiti kwa sehemu kubwa ni yule anayepanga kazi.

Na gharama ya kutokidhibiti si uvivu wa Jumatatu tu. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, kulinganisha na saa 35 hadi 40, kunaambatana na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kupata kiharusi na asilimia 17 ya kufa kwa ugonjwa wa moyo, na kwamba vifo 745,000 vya mwaka 2016 vilihusishwa na saa hizo ndefu. Sheria za baadhi ya nchi zimeanza kukubali kwamba jambo hili haliwezi kuachiwa hiari ya mtu. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2003 linataka mfanyakazi apate saa 11 mfululizo za mapumziko katika kila saa 24, na tangu Januari 2017 Ufaransa inazitaka kampuni zenye watu 50 au zaidi kujadiliana juu ya haki ya mfanyakazi kutopatikana kwa simu na barua pepe nje ya saa za kazi.

Ofisi haihitaji kusubiri sheria. Uchunguzi wa muda mrefu wa watumishi wa serikali ya Uingereza, ulioongozwa na Michael Marmot, ulionyesha kwamba waliokuwa na uamuzi mdogo juu ya kazi zao ndio waliougua moyo zaidi, na uamuzi ni kitu ambacho mkuu anaweza kukigawa bila kuongeza bajeti. Anaweza kuwaachia watu wapange wenyewe ni saa zipi mbili za siku zisizokatizwa. Anaweza kuandika ujumbe wake usiku, kama ndipo mawazo yanapomjia, na kuupanga uende asubuhi. Anaweza kufuta kikao ambacho kila mtu anajua kwamba kilianzishwa kwa sababu iliyokwisha zamani. Ugumu ni kwamba wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na anayeutazama mzigo huo kutoka juu huuona mwepesi zaidi. Kwa hiyo asikisie. Aulize kila mtu ana kazi ngapi mkononi na ipi kati ya hizo inaweza kungoja, kisha jibu aliandike mbele ya wote, ili kazi mpya ikija ijulikane ni ipi iliyoondolewa kuipisha.

Likizo nayo ipangwe kwa namna hiyohiyo, pamoja na jina la atakayeshika kazi ya anayeondoka, kwa sababu mtu anayerudi na kukuta majalada ya wiki mbili yakimsubiri mezani ameahirishiwa kazi tu. Na mkuu anayezipanga likizo hizo aanze na tarehe zake mwenyewe, halafu zikifika aende kweli, simu ya ofisi akiiacha kwa aliyemkaimisha.